Walicheza kwao, wakatuzwa kwao tu

Tarehe 6 Juni 1999, katika uwanja wa kriketi wa Sydney, pandikizi la mtu aitwaye Tony Lockett alipiga mpira ukapita katikati ya milingoti, na maelfu ya mashabiki wakaruka uzio na kumwagika uwanjani. Mechi ikasimama. Lilikuwa goli lake la 1,300. Rekodi ya Gordon Coventry wa Collingwood, klabu ya Melbourne, aliyestaafu mwaka 1937 akiwa na magoli 1,299, ilikuwa imeanguka baada ya miaka 62. Lockett aliendelea kufunga hadi akafikisha 1,360, na mpaka leo vitabu vya Ligi ya Australia, AFL, vinamweka kileleni.

Tatizo ni kwamba huko Adelaide alikuwako mtu aliyefunga 1,417 na kutundika viatu mwaka 1941.

Jina lake Ken Farmer, straika wa North Adelaide. Magoli hayo aliyapata katika mechi 224. Lockett alihitaji 281 kupata pungufu. Kwa misimu 11 mfululizo, kuanzia 1930 hadi 1940, hakuna msimu alioumaliza bila kufikisha magoli 100. Mwaka 1940 West Torrens walikutana naye siku mbaya, akawafunga 23 katika mechi moja. Rekodi ya AFL ya magoli katika mechi moja ni 18, ya Fred Fanning, mwaka 1947. Lakini ukifungua orodha rasmi ya wafungaji wa AFL, Farmer humwoni. Si kwamba yuko nafasi ya pili au ya kumi. Hayumo kabisa.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu anahitaji maelezo kidogo. Kila upande una wachezaji 18, uwanja ni wa duaradufu, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila mwisho wa uwanja una milingoti minne. Ukipiga kwa mguu mpira ukapita kati ya miwili ya katikati, ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni yake, unapata pointi 1. Pasi ya mkono hupigwa kwa ngumi, kurusha ni makosa. Na ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali kabla haujagusa chini, refa anapuliza filimbi na unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Ndiyo maana straika wa mchezo huu anaishi kwa kuruka na kudaka, na beki anaishi kwa kumharibia. Mmoja wa mabeki hodari wa miaka hii, Aliir Aliir wa Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima.

Sasa, kwa nini Farmer hayumo? Jibu ni la kiutawala zaidi kuliko la kimichezo. Kwa zaidi ya karne moja Australia haikuwa na ligi moja ya taifa. Adelaide ilikuwa na ligi yake tangu 1877, Perth ilikuwa na yake, Tasmania hivyo hivyo. Ligi ya Victoria, VFL, yenye makao Melbourne, ilianza kucheza mwaka 1897, miaka 20 baada ya ile ya Adelaide. Lakini Melbourne ndiko kulikokuwa na watu wengi na fedha nyingi. Miaka ya 1980 VFL ilianza kuingiza klabu za majimbo mengine, na mwaka 1990 ikabadili jina kuwa AFL. Ilipobadili jina haikuanza kuhesabu upya: ilibeba historia yake yote ya tangu 1897 na kuifanya historia ya taifa. Yaliyotokea Adelaide na Perth yakabaki mambo ya mikoani.

Watu wa Melbourne wana jibu lao. Wanasema mabeki wa huko kwingine walikuwa wepesi, na goli la Adelaide halilingani na goli la Collingwood. Hoja hiyo siitupi yote. Melbourne ilikuwa na timu nyingi na ushindani mkali wiki baada ya wiki. Ila inabidi waeleze yaliyotokea Perth mwaka 1977. Katikati ya mwaka huo Victoria ilicheza na Australia Magharibi na kushinda kwa pointi 63, ikiwa na baadhi ya vijana wa Perth waliokuwa wamehamia klabu za Melbourne. Tarehe 8 Oktoba timu hizo zikakutana tena katika uwanja wa Subiaco, safari hii kila mchezaji akivaa jezi ya jimbo alikotoka. Australia Magharibi ikashinda kwa pointi 94. Mwaka ule ule. Waliobadilika ni wachache waliorudi upande wao.

Au waeleze habari za Barrie Robran.

Robran alizaliwa Whyalla, mji wa viwanda vya chuma na meli huko Australia Kusini, akaanza kuichezea North Adelaide mwaka 1967. Alicheza kiungo, alicheza mbele, na ikibidi aliruka na majitu yanayogombea mpira katikati ya uwanja akayashinda. Alichukua medali ya Magarey, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Adelaide, mwaka 1968, 1970 na 1973. Aliichezea pia Australia Kusini kriketi. Klabu za Melbourne zilimpigia hodi zaidi ya mara moja, hakwenda.

Oktoba 1972 Melbourne ikamfuata kwao. Carlton walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa VFL kwa kuwafunga Richmond 177 kwa 150, alama nyingi kuliko fainali yoyote iliyotangulia. Siku chache baadaye walishuka Adelaide kukutana na North Adelaide, mabingwa wa huko, kugombea ubingwa wa Australia. Timu iliyofunga 177 kwenye fainali iliondoka na 72. North Adelaide walipata 73.

Miaka miwili baadaye, katika mechi ya majimbo dhidi ya Victoria, goti la Robran liliumia vibaya. Alirudi, akacheza hadi 1980, lakini yule wa 1973 hakuonekana tena. Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya Australia ulipofunguliwa mwaka 1996, watu 12 walipewa cheo cha juu kabisa, cha gwiji. Wote 12 walikuwa wamewahi kucheza VFL. Robran alipandishwa mwaka 2001, wa kwanza kupewa cheo hicho bila kukanyaga ligi hiyo.

Waswahili tunasema mcheza kwao hutuzwa, na ni kweli Adelaide imewatuza: sanamu za Farmer na Robran ziko kwenye uwanja wa Adelaide Oval. Ila tuzo hiyo haivuki mpaka wa jimbo.

Wala kubaki nyumbani hakukuwa ushamba. Mwaka 1930 VFL ilipitisha kanuni iliyojulikana kama sheria ya Coulter, iliyoweka malipo ya mchezaji yasizidi pauni 3 kwa mechi, awe nyota au wa akiba. Kwa hesabu hiyo, kijana mwenye kazi nzuri Adelaide aende kutafuta nini? Baadaye fedha zilipoongezeka, klabu ya nyumbani ndiyo iliyoshika kibali cha uhamisho, na ingeweza kukikalia.

Mfano wa wazi zaidi uko South Fremantle, timu iliyochukua ubingwa wa Perth mwaka 1980. Ndani yake walikuwamo wachezaji wawili Waaborijini wa kiwango cha juu. Maurice Rioli alikwenda Richmond, na mwaka 1982 akawa mchezaji bora wa fainali ya Melbourne ingawa timu yake ilifungwa. Jina lake linajulikana nchi nzima. Stephen Michael, kijana wa Kojonup, akabaki. Alichukua medali ya Sandover, ya mchezaji bora wa Perth, mwaka 1980 na tena 1981, na mwaka 1983 akawa nahodha wa kikosi bora cha Australia. Kwa maoni yangu Michael alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Rioli. Nje ya Perth, ni wachache wa rika la chini ya miaka 50 wanaoweza kubishana nami, maana hawakumwona.

Doug Nicholls yeye alikwenda Melbourne, na mlango ukafungwa usoni mwake. Mwaka 1927 kijana huyu Mwaaborijini wa Cummeragunja alijaribu bahati Carlton. Wahudumu wa timu walikataa kumkanda misuli kwa sababu ya rangi yake. Akaondoka, akachezea Northcote katika ligi ya daraja la chini, akatwaa nayo ubingwa mwaka 1929. Alikuwa na urefu wa sentimita 158 tu, lakini kwa mbio hakushikika. Alishinda pia mashindano ya riadha ya kulipwa. Fitzroy, klabu ya VFL, walipomchukua mwaka 1932 alikuwa na miaka 25. Siku za mwanzo alikaa peke yake kwenye kona ya chumba cha kubadilishia nguo, mpaka Haydn Bunton, nyota mkubwa kuliko wote pale, alipokwenda kukaa karibu naye.

Baadaye Nicholls akawa mchungaji, akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1976 akawa Gavana wa Australia Kusini. Sifa hizo zimeufunika uchezaji wake. Vitabu vinampa mechi 54 za VFL, na mtu asiyejua atadhani ni mchezaji wa kawaida. Miaka mitano ya ubora wake ilikwenda Northcote, nayo haihesabiwi.

Husemwa kwamba historia ikishaandikwa haifumuliwi. AFL yenyewe inatokana na ligi iliyoifumua. Zamani wachezaji wawili wakilingana kura za medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa VFL, mmoja alipewa na mwingine akarudi mikono mitupu. Mwaka 1989 viongozi walirudi nyuma hadi 1930 na kuwapa medali wachezaji 8. Harry Collier alipokea yake akiwa mzee, miaka 59 baada ya msimu wenyewe. Wote 8 walikuwa wa VFL. Kwa hiyo njia inajulikana, na haigharimu hata dhahabu: safu moja zaidi kwenye orodha ya wafungaji, jina la Farmer, 1,417, na pembeni yake neno Adelaide.