Hong Myung-bo, kapiteni wa 2002 aliyezomewa akiwa kocha

Tarehe 22 Juni 2002, mjini Gwangju, Hong Myung-bo alipiga penati ya mwisho iliyoitoa Uhispania na kuifikisha Korea ya Kusini nusu fainali ya Kombe la Dunia. Hakuna nchi ya Asia iliyokuwa imefika hapo.

Ukocha nao ulianza vizuri. Kwenye Olimpiki ya London 2012, vijana wake waliifunga Japani 2-0 wakapata medali ya shaba. Kwa Mkorea medali hiyo ni kubwa: inamwepusha mchezaji na utumishi wa jeshi unaokata kazi ya wengi katikati.

Miaka 2 baadaye, huko Brazili, Aljeria iliwapiga 4-2. Walirudi nyumbani na pointi 1, na kwenye uwanja wa ndege mashabiki wakawatupia peremende, jambo ambalo kwao ni tusi. Hong akajiuzulu.

Alijisafisha na Ulsan, bingwa wa 2022 na 2023. Shirikisho lilipomrudisha timu ya taifa Julai 2024, mashabiki walisema hakuchaguliwa kwa uwazi. Hata bunge lilimwita ajieleze. Mechi ya kwanza, 0-0 na Palestina, alizomewa Seoul kwenyewe. Juni 2025 timu yake iliishinda Iraki 2-0 mjini Basra, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026.