Gari la umeme lianzie kijiweni

Mjadala wa magari ya umeme katika Afrika Mashariki umezoea kuanza na gari la mtu binafsi. Watu huulizana bei yake, litachajiwa wapi katika safari ya Dodoma au Kisumu, na umeme ukikatika usiku mwenye nalo atafikaje kazini. Ni maswali ya haki, lakini yanamhusu mtu ambaye kuhamia kwake kwenye umeme kunaigharimu nchi fedha nyingi kwa kila lita ya petroli inayookolewa. Tupige hesabu nyepesi. Gari dogo linalotembea kilomita 30 kwa siku jijini Dar es Salaam, likienda kilomita kumi kwa lita, linakunywa lita tatu. Bodaboda inayozunguka kilomita 120 kwa siku, ikienda kilomita 40 kwa lita, nayo inakunywa lita tatu. Kwa mwenye sheli, hao ni wateja sawa. Kwa muuza betri hawafanani hata kidogo. Nissan Leaf ya toleo la pili ilitoka na betri ya uniti 40 za umeme, ilhali pikipiki ya umeme inaimaliza siku kwa betri ya uniti tatu hivi, inayobadilishwa njiani mara moja au mbili. Betri ndiyo inayopandisha bei ya chombo cha umeme kuliko kifaa kingine chochote. Kwa hiyo sera yenye busara itazame kwanza kilomita zinazotembewa, na umbo la chombo lifuate baadaye.

Sababu iko katika tabia ya biashara yenyewe. Chombo cha umeme ni ghali kukinunua na rahisi kukitembeza, hivyo kinamlipa anayekitembeza sana. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati nchini Kenya, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Petroli jijini Nairobi, kwa sehemu kubwa ya mwaka 2025, iliuzwa kati ya shilingi 174 na 187 kwa lita. Lita tatu za bodaboda ni shilingi 540 hivi. Uniti tano zinazotosha mwendo uleule ni shilingi 80 kwa bei ya juu. Tofauti ya shilingi 460 haiingii yote mfukoni mwa dereva, kwa maana lazima ilipe betri, kituo na wahudumu wake. Hata hivyo ni fedha inayotosha kugawana, na inapatikana kila siku anayoingia barabarani. Mwenye gari dogo anaokoa kiasi kinachokaribiana na hicho, ila kwake kinatakiwa kulipia betri kubwa zaidi ya mara kumi, iliyo ndani ya gari linaloshinda limeegeshwa nje ya ofisi.

Soko limekwisha kuonyesha linakoelekea. Kampuni ya pikipiki za umeme ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 kwa utaratibu ambao Spiro na wengine wanautumia pia Nairobi: pikipiki ni ya dereva, betri ni ya kampuni, na badala ya kusubiri ijae dereva anaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. BasiGo ya Nairobi imewapelekea wenye mabasi wazo hilohilo. Mwenye basi halazimiki kutoa bei ya betri mara moja, anailipa kidogo kidogo kwa kila kilomita ambayo basi limetembea. Baada ya miaka kadhaa ya mtandao wa vituo vya kubadilishia betri kuenea, Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, huku za zamani zikiachwa ziendelee. Ethiopia ilipita njia nyingine. Mapema mwaka 2024, ikibanwa na uhaba wa fedha za kigeni za kununulia mafuta, ilizuia uagizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Uamuzi huo ulileta magari mengi ya umeme kwa haraka, lakini vituo vya kuchajia na mafundi vimebaki kwa wingi Addis Ababa. Kigali ilijenga vituo kwanza ndipo ikaweka amri, na somo hilo linafaa kwa jirani yeyote.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la umeme wenyewe: nchi iliyokuwa kwenye mgao juzi tu itachajije maelfu ya pikipiki? Tanzania ilikuwa na mgao mwishoni mwa 2023. Machi 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukiwa umeanza kazi, TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo, ilizima baadhi ya vituo vya umeme wa maji kwa kuwa uzalishaji ulipita mahitaji. Bwawa hilo la Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Pikipiki laki moja zikitumia uniti tano kila moja kwa siku zinahitaji uniti laki tano. Mtambo mmoja kati ya hiyo tisa, ukizunguka kwa nguvu zake zote, unatoa kiasi hicho kwa saa mbili na robo hivi, na hata tukiongeza upotevu wa njiani hatufiki saa tatu. Kasoro kubwa zaidi iko kwenye nyaya. Machi 2025 serikali ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu umeme unaosafirishwa masafa marefu hadi huko hupotea njiani. Ndiyo maana kituo cha kubadilishia betri kina faida kuliko chaja ya nyumbani: rafu ya betri zilizojaa ni akiba, na umeme ukikatika kwa saa mbili anayepita kubadilisha huenda asijue. Tena kituo kinaweza kuchaji usiku, saa ambazo Kenya huachia mvuke wa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria upotee hewani kwa kukosa mnunuzi.

Wapo wanaosema Tanzania ina gesi yake ya Songosongo na Mtwara, kwa nini ihangaike na betri? Foleni katika vituo vya gesi vya Dar es Salaam zinathibitisha kwamba madereva wameshaipiga hesabu hiyo wenyewe. Lakini mtungi wa gesi unahitaji buti ya kuuweka, na pikipiki haina. Gesi na umeme vinaweza kugawana kazi, gesi ikichukua teksi na magari madogo, umeme ukachukua bodaboda na mabasi ya mjini. Wengine wanauliza kuhusu kobalti, kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na machimbo ya Kolwezi yanajulikana kwa ajira ya watoto. Swali hilo ni zito, ila limlenge hasa mwenye betri kubwa ya gari. Aina ya betri inayozidi kutumika katika vyombo vidogo, ya lithiamu, chuma na fosfeti, haina kobalti ndani yake.

Hazina nayo ina haki ya kulalamika. Julai 2024 Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, kwa hiyo kila bodaboda inayoacha petroli inaondoka na shilingi 75 za barabara kwa siku. Fedha hizo zikihamishiwa zote kwenye uniti tano, gharama ya siku inapanda kutoka shilingi 80 hadi 155, na bado ni chini ya theluthi moja ya bei ya petroli. Kwa kuwa umeme wa kuchajia una bei yake maalumu, pa kuikusanyia tozo papo. Hakuna haja ya kuitoza mapema na kuua biashara changa, wala hakuna haja ya kujidai kwamba barabara zitajitengeneza zenyewe.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la haki: kwa nini mzigo wa mabadiliko umwangukie mwendesha bodaboda, huku mashangingi ya wakubwa yakiendelea kunguruma? Jibu linategemea nani anabeba hatari. Dereva wa pikipiki ya mkataba, anayempelekea tajiri wake fedha kila siku hadi chombo kiwe chake, hana nafasi ya kubahatisha. Akibadilisha bwana tu, akafungwa na kampuni moja ambayo betri zake haziingii kwenye pikipiki nyingine na inayoweza kupandisha bei ipendavyo, atakuwa ameruka majivu na kukanyaga moto. Kwa hiyo kazi ya serikali ni kulazimisha vipimo vya pamoja vya betri, kusimamia bei za kubadilishia, na kudhamini mikopo ya chombo, huku gharama ya betri kuchakaa ikibaki kwa kampuni yenye betri.

Bajeti ya Juni ikisomwa na misamaha ya kodi ya magari ya umeme ikatajwa, wabunge waulize kila shilingi inayosamehewa itaokoa lita ngapi. Msamaha wa gari moja la binafsi utaokoa zile lita tatu za siku. Kiasi hichohicho kikigawanywa kijiweni, kitaziokoa mara nyingi. Na siku dereva wa mkataba atakapomaliza kupeleka hesabu miezi kadhaa mapema kwa sababu hapiti tena sheli, hatahitaji semina ya kumshawishi.