Nywele za Kupandikiza Zataka Subira na Kiasi

Katika sebule yetu, Mji wa Kale, Mombasa, kuna picha imetundikwa ukutani kwa miaka zaidi ya ishirini. Ni picha yangu ya siku ya harusi. Nimevaa kanzu na joho, kofia nimeishika mkononi kwa maringo ya ujana, na nywele zimenijaa kichwani mpaka karibu na nyusi. Picha hiyo, msomaji mpenzi, ndiyo iliyonipeleka Istanbul.

Upara ulinianza nikiwa na miaka thelathini. Kwanza yalipanda mapanja, yaani zile pembe mbili zilizo juu ya paji la uso, kisha utosi ukaanza kung'aa. Sisi wanaume wa pwani tuna bahati ya kofia. Kofia ya vito hukupa heshima na hukufichia mambo kwa wakati mmoja, wala hakuna anayekuuliza kwa nini umeivaa. Lakini nilikuwa nimefanywa mtumwa wa kofia. Joto la Februari haliniruhusu kuivua, ofisini siivui, na nikipigwa picha hushika ukingo wake usije ukapeperushwa na upepo.

Ilipokuja posa ya binti yangu, nikaazimia kwamba siku ya nikaha nitasimama mbele za watu kama nilivyo katika picha ile. Mke wangu alinitazama akasema, "Bwana, mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na nywele zako." Maneno yake yalikuwa ya haki, lakini sikuyasikia.

SI JAMBO LA JANA

Watu wengi hudhani kupandikiza nywele ni mzungu mpya wa siku hizi. La, sivyo. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele na kuvitia mahali palipokuwa na makovu. Vita vikuu vikazuka na habari zake hazikufika mbali. Mwaka 1952 Norman Orentreich wa New York aliifanya kazi hiyo kwa mtu mwenye upara wa kawaida, akagundua jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yote mpaka leo: unywele uliotolewa kisogoni hubaki na tabia ya kisogo hata ukihamishiwa mbele. Nywele za mbele na za utosi huuawa polepole na homoni ya kiume kwa mtu aliyerithi udhaifu huo, ama kwa mama ama kwa baba. Zile za kisogoni hazidhuriki kwa urahisi. Ndiyo maana hata mzee mwenye upara mkubwa hubakiwa na ukanda wa nywele kutoka sikio hadi sikio.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kazi ilikuwa mbaya kwa macho. Vipande vilivyopandwa vilikuwa vikubwa, kila kimoja na nywele kumi au ishirini, hata kichwa cha mtu kikafanana na cha mtoto wa sanamu. Ni katika miaka ya 1990 ndipo madaktari walipoanza kufuata maumbile yenyewe, kwani nywele huota kwa vifungu vidogo vya unywele mmoja, miwili, mitatu au minne. Leo vifungu hivyo hutolewa kimoja kimoja kwa chombo chembamba chenye tundu lisilofikia hata milimita moja.

Kuna na suala la dini, nami nililiuliza kabla ya kununua tikiti. Kuunga nywele za mtu mwingine kumekatazwa, na hilo twalijua tangu madrasa. Lakini kurudisha nywele zako mwenyewe mahali zilipoanguka wanazuoni wengi wa zama hizi wamelihesabu kuwa tiba. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu nalo, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilikutaja kupandikiza nywele zilizoanguka miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa. Kila mtu na amuulize shehe wake.

YALIYOMPATA BINAMU YANGU

Kabla sijaenda mbali, nikueleze habari ya binamu yangu. Yeye alipandikiza akiwa na miaka ishirini na minne, katika mji ambao sitautaja, kwa watu ambao sitawataja. Alitaka mstari wa chini, ulionyooka kama uliopigwa rula, mapanja yote yamezibwa. Wakamfanyia alivyotaka, wala hawakumuuliza lolote.

Miaka mitatu ya kwanza alipendeza. Lakini upara wake ulikuwa bado safarini. Nywele zake za asili ziliendelea kurudi nyuma, na zile za kupandwa, kwa kuwa ni za kisogo, zikabaki pale pale. Alipofika miaka thelathini na sita alikuwa na utepe wa nywele mbele, na nyuma yake uwanja mtupu. Alipotaka kuujaza uwanja huo, akaambiwa kisogoni hapana nywele za kutosha. Leo havui kofia hata akiwa nyumbani kwake.

Kisa chake nilikijua, na bado nilikwenda Istanbul na picha yangu ya harusi. Binadamu huona kosa la mwenziwe upesi kuliko lake.

MKUNJO WA PAJI

Daktari niliyemkuta alikuwa mtu wa makamo, mpole, na alizungumza Kiingereza cha pole pole. Nikamwonyesha ile picha katika simu. Aliitazama, akanirudishia simu, akaniuliza maswali mawili: "Una miaka mingapi? Na baba yako alikuwaje kichwani?" Nikamjibu nina miaka arubaini na saba, na kwamba marehemu baba alikuwa na upara wa utosi, mapanja yake yamepanda.

Akaniambia niinue nyusi kwa nguvu. Paji likafanya mikunjo. Akaweka kidole juu ya mkunjo wa juu kabisa akasema, "Mpaka hapa ni uso. Nywele haziwezi kuanzia hapa chini. Tutapanda juu yake." Kutoka katikati ya nyusi alipima sentimita nane akatia alama. Mimi nilimwomba aishushe kwa upana wa vidole viwili. Akakataa. Akasema kwamba mstari wa kijana ukiwekwa katika uso wenye makunyanzi huonekana kama kofia iliyovaliwa vibaya, na kila atakayekuona atajua.

Kisha akachora mapanja, akayaacha wazi kidogo. Hapo nilinung'unika. Lakini usiku ule hotelini nilikumbuka darasa la udhu katika Minhaj ya Imamu Nawawi, tuliyosomeshwa utotoni. Uso huanzia pale panapoota nywele kwa kawaida ya watu, na yale mapanja mawili yahesabiwa kuwa ni kichwa, hayahesabiwi kuwa ni uso. Imamu Nawawi alifariki mwaka 1277. Ikiwa wanazuoni wa zama hizo walijua kwamba mapanja ni umbile la mwanamume la kawaida, mimi ni nani wa kuyaonea haya?

Jambo la pili alilonifunza daktari ni akiba. Unywele ukitolewa kisogoni na mzizi wake, mahali pale hauoti mwingine. Akiba haizai. Kila kifungu kinachotumiwa kuushusha mstari ni kifungu kitakachokosekana utosini miaka kumi ijayo. Ndiyo maana kwa kijana ambaye upara wake haujatulia daktari mwema humwambia angoje, na pengine humpa dawa kwanza.

Jambo la tatu ni mpango wenyewe. Safu ya mbele kabisa hupandwa nywele moja moja, tena kwa kuyumbayumba, hii mbele kidogo na ile nyuma kidogo, kwa sababu maumbile hayajui rula. Nyuma yake hufuata vifungu vya nywele mbili, kisha tatu. Kila tundu huelekezwa mbele na kulazwa, kama nywele za asili zinavyolala.

Kwa sisi wenye nywele za kipilipili kuna la ziada. Unywele wetu umejipinda hata chini ya ngozi, na chombo kikienda moja kwa moja huukata mzizi. Daktari alitoa vichache kwanza kwa kujaribu, akaviangalia chini ya kioo cha kukuzia, ndipo akaendelea. Vile vile aliniuliza kama vidonda vyangu huacha makovu ya kuvimba, maana mwenye maradhi hayo si mtu wa kazi hii. Lakini kipilipili kina faida yake pia. Kwa kujikunja kwake hufunika ngozi kuliko nywele za singa, na vifungu vichache hutosha.

SIKU KUMI BILA KOFIA

Kazi ilichukua saa saba. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, na baada yake sikuhisi ila kuguswaguswa. Vifungu elfu mbili na mia nne vilihamishwa. Nilipotoka nilikuwa na kitambaa kichwani, na katika barabara za Istanbul nilikutana na wanaume wengine wa mataifa mbalimbali wenye vitambaa kama changu. Tulitazamana tukacheka.

Sasa msomaji, hapa ndipo penye mtihani. Kwa siku kumi za mwanzo vifungu havijashika vyema. Nililala chali, kichwa juu ya mito mitatu. Siku ya tatu maji ya dawa yaliteremka, paji likavimba na macho yakaziba nusu. Nilitishika, lakini nilikuwa nimeonywa, na baada ya siku tatu uvimbe uliondoka. Kichwa hakisuguliwi, hakikunwi, hakipigwi jua. Huoshwa kwa povu jepesi na maji ya kumiminwa polepole, na vigaga huachwa vilainike na kudondoka vyenyewe. Kuogelea baharini ni marufuku kwa mwezi mzima.

Na sala? Sikuweza kuweka paji chini. Shehe wangu alinielekeza nisali huku nikisujudu kwa ishara mpaka hatari ipite, kwa kuwa mgonjwa ana ruhusa yake. Katika udhu, sisi wa madhehebu ya Shafii kupangusa sehemu ndogo tu ya kichwa kwatosha, na juu ya sikio palikuwa pazima. Lakini sikuwa nimejua jinsi nitakavyoikosa sijida. Ilipofika siku ya kumi na nne, nikaweka paji langu juu ya mswala, nililia.

Kofia nayo ilikatazwa. Mimi niliyejificha chini yake miaka kumi na saba, nilirejea Mombasa na kichwa wazi, chekundu, kimejaa vigaga. Ijumaa nilikaa nyuma kabisa msikitini, juu ya kiti. Mzee mmoja wa mtaani akanijongelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepatwa na nini kichwani?" Nilikuwa nimetayarisha uwongo wa ajali. Ulimi ukanishinda. Nikasema, "Nimepandikiza nywele, mzee." Akavuta pumzi. "Alhamdulillahi! Nilidhani umepigwa." Akaenda zake kukaa mahali pake. Basi, siri yangu ya miaka yote ikaishia hapo.

MWEZI WA PILI

Wiki ya nne nywele zote zilizopandwa zilianza kuanguka. Ndivyo ilivyo. Unywele huanguka, mzizi hubaki na kupumzika. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa si kama kuona nywele zako juu ya mto. Mwezi wa pili na wa tatu kichwa changu kilikuwa kibaya kuliko kabla ya safari. Wengi hukata tamaa hapa na kudhani wameibiwa.

Nikaha ya binti yangu iliangukia mwezi wa nne. Vilikuwa vimechomoza vinywele vyembamba tu. Kofia nilikwisha ruhusiwa, nikaivaa ile ya vito. Nilipoushika mkono wa bwana arusi na kumwozesha mwanangu, sauti ilinikwama kooni, wala sikukumbuka kama nina nywele au sina. Katika mamia ya watu waliokuwapo hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa sita nusu ya nywele zilikuwa zimeota. Mwezi wa kumi na mbili zikashona, na hata mwaka na nusu zaweza kuendelea kukaza. Sifanani na picha ya harusi. Nafanana na mtu wa miaka arubaini na minane ambaye mapanja yamempanda kidogo. Majuzi nilikuwa Malindi, nikaingia kwa kinyozi asiyenijua. Alininyoa mbele na nyuma, akanipaka mafuta, akanidai pesa yake. Hakuona kitu, na hiyo ndiyo sifa ya kazi nzuri.

Kwa mwenye nia ya kwenda, nasema haya. Uliza ni nani atakayeshika chombo, kwani zipo nyumba ambazo daktari hutia sahihi tu na kazi hufanywa na wasiosomea. Akikukubalia kila unalotaka bila kukuuliza umri wala ukoo wako, ondoka. Usiweke miadi karibu na harusi. Na mstari wa nywele uchague wa umri ulio nao na ule unaouendea, kwani ule wa ujana umekwisha kupita.

Ile picha ingali ukutani. Mke wangu ameweka nyingine kando yake, ya siku ya nikaha ya binti yetu. Ndani yake nimevaa kofia.