Kano: kutoka redio za maharamia za London hadi Top Boy

Wiki iliyopita, kwenye kipindi cha jioni, tulipiga wimbo wa msanii wa Uingereza anayeitwa Kano. Simu ya studio ikajaa ujumbe. Msikilizaji mmoja aliuliza, "Huyo Kano ndiye yule Sully wa Top Boy, au wanafanana tu?" Mwingine akauliza kama ni mtu wa bonde la Kano kule Kisumu. Hewani nilikuwa na dakika mbili kabla ya taarifa ya habari, nikajibu kwa haraka haraka na sikuridhika. Leo tuongee vizuri.

Ndiyo, ni mtu yule yule. Na hapana, si wa Kisumu. Jina lake halisi ni Kane Robinson. Alizaliwa mwaka 1985 East Ham, mashariki mwa London, katika familia yenye asili ya Jamaika. Muziki uliomtoa unaitwa graimu, na humwelewi Kano kama hujui graimu ilitoka wapi. Kwa hiyo nivumilie kidogo nikupeleke kwenye redio, maana hapo ndipo mimi mwenyewe ninapoipenda hadithi hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa mashariki mwa London walikuwa na muziki wao ambao redio kubwa hazikuupiga. Mdundo wake ni wa kasi, karibu mapigo 140 kwa dakika, na besi yake ni nzito. Wengi waliutengeneza chumbani kwa kompyuta ya kawaida, wengine kwa mashine ya michezo ya PlayStation. Mchanaji haimbi kwa mbwembwe. Anakimbizana na biti, mistari 8 au 16, kisha anampa mwenzake kipaza sauti. Ukikosea hesabu, kila mtu anasikia.

Walikosa pa kupigia, wakajitengenezea redio zao. Huko huziita redio za maharamia, yaani redio zisizo na leseni. Sasa sikiliza ujanja wao. Wewe unayetusikiliza ukiwa nyuma ya mlima unajua kwamba mawimbi ya FM hayapendi vizuizi. Ndiyo maana mnara wa redio huwekwa kilimani. London ya mashariki haina vilima vya maana, lakini ina maghorofa marefu yaliyojengwa na serikali za mitaa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Basi vijana walipanda juu ya paa usiku, wakafunga antena na mtambo wa kurushia matangazo. Studio yenyewe ilikuwa kwenye chumba cha jengo jingine kabisa, na sauti ilitumwa kutoka studio hadi kwenye paa kwa mawimbi mengine madogo. Maofisa wa serikali walipofuata mawimbi ya FM walifika kwenye paa, wakachukua mtambo, lakini watangazaji hawakuwakuta. Baada ya muda redio inarudi hewani na mtambo mwingine.

Wasikilizaji nao walishiriki kwa njia ambayo kwetu haihitaji maelezo: kubipu. Kama umependa mistari ya kijana aliye hewani, unapiga simu ya studio na kukata kabla haijapokelewa. Mtangazaji anataja tarakimu za mwisho za namba yako, nawe unajua salamu imefika. Zikiingia simu nyingi kwa pamoja, DJ anarudisha santuri nyuma na kuanza wimbo upya. Desturi hiyo ya kurudisha wimbo wazazi wao walikuja nayo kutoka kwenye madisko ya mitaani ya Jamaika. Kano ana wimbo uitwao "3 Wheel-Ups", na jina lake linatokana na jambo hilo hilo, wimbo kurudishwa mara tatu.

Kano alikuwa kwenye kundi la N.A.S.T.Y. Crew, pamoja na wachanaji kama D Double E na Ghetts, na walisikika kwenye redio ya Deja Vu FM. Kabla ya hapo alikuwa akicheza mpira kwa bidii, na wapo waliodhani miguu ndiyo itakayomlisha. Ikawa mdomo.

Mwaka 2003 mtu wa kizazi chake, Dizzee Rascal, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda Tuzo ya Mercury, inayotolewa kila mwaka kwa albamu bora ya Uingereza na Ireland. Baada ya hapo kampuni za muziki zikaanza kuwatafuta vijana wa graimu. Kano alitoa singo yake ya "P's and Q's" mwaka 2004, na albamu ya kwanza, Home Sweet Home, mwaka 2005. Alikuwa na miaka 20. Albamu ya pili, London Town ya mwaka 2007, ilikuwa na wageni kama Craig David na Damon Albarn. Ni albamu ya mtu anayevutwa huku na huku, mara ladha ya mtaani, mara ladha ya redio za mchana. Mwaka uliofuata aliachia 140 Grime Street, safari hii kwa lebo yake mwenyewe. Hata jina linakuambia alitaka kurudi nyumbani.

Lazima niseme neno kuhusu polisi, maana bila hilo utadhani njia ilikuwa nyeupe. Kuanzia mwaka 2005 polisi wa London walikuwa na fomu iliyoitwa namba 696. Mwenye ukumbi alitakiwa kuijaza kabla ya onyesho, akitaja majina ya wasanii na anwani zao. Mwanzoni fomu hiyo iliuliza hata aina ya muziki na kabila la watu watakaohudhuria. Wasanii wa graimu walilalamika miaka mingi kwamba maonyesho yao yalizuiwa kwa sababu ya rangi na sifa ya mtaa wao. Fomu hiyo ilifutwa mwaka 2017. Kwa hiyo kipindi chote ambacho Kano alikuwa kijana wa kutafuta jukwaa, jukwaa lenyewe lilikuwa na mlinzi mlangoni.

Hapo ndipo Top Boy inapoingia.

Mwandishi wake, Ronan Bennett, ni mtu wa Ireland Kaskazini aliyekuwa akiishi Hackney. Alimwona mtoto mdogo akiuza dawa za kulevya karibu na duka la vyakula, na picha hiyo haikumtoka. Aliandika tamthilia kuhusu maghorofa ya kubuni yaitwayo Summerhouse na wanaume wawili wanaotawala biashara hiyo haramu, Dushane na Sully. Dushane aliigizwa na Ashley Walters, naye mwanamuziki, aliyetoka kundi la So Solid Crew. Sully akapewa Kano. Sehemu nne za kwanza zilionyeshwa kwenye Channel 4 mwaka 2011, nyingine nne mwaka 2013, halafu kituo kikaiacha.

Ingekufa hapo. Lakini mwanamuziki wa Kanada, Drake, aliipenda akajiunga kama mmoja wa watayarishaji, na Netflix ikairudisha mwaka 2019 kwa sehemu 10. Msimu uliofuata ulitoka mwaka 2022, na wa mwisho mwaka 2023. Ukihesabu tangu mwanzo, Kano alimbeba Sully kwa miaka 12. Wanamuziki wengine pia walipata nafasi, wakiwemo Little Simz na Dave.

Nimeitazama yote, na kwa maoni yangu Kano ndiye moyo wa tamthilia ile. Dushane anaongea sana na anapanga, Sully anatazama. Kano anaweza kukaa kimya kwa muda mrefu huku uso wake ukifanya kazi yote. Ni ajabu kwa mtu ambaye riziki yake ilikuwa kujaza kila nafasi ya biti kwa maneno. Labda ndiyo sababu: aliyezoea kuhesabu mapigo anajua pia thamani ya pengo. Mwisho wa Sully na Dushane sikwambii. Wengine bado mnatafuta bando.

Msikilizaji mmoja alinilaumu kwamba tunatangaza watu wanaosifia uuzaji wa dawa za kulevya. Hoja yake siipuuzi. Tamthilia ile ina damu nyingi, na si ya kutazama na watoto. Lakini ukiifuatilia utaona hakuna anayefaidika hadi mwisho. Mama anafukuzwa nyumbani, mtoto anapoteza mwenzake, na anayepata fedha hapati usingizi. Na Kano si Sully. Ni kazi.

Ukitaka kumsikia yeye mwenyewe, nenda kwenye albamu ya Made in the Manor ya mwaka 2016. Ilikuja miaka sita baada ya albamu iliyoitangulia, jambo ambalo wasanii wengi huogopa, maana mashabiki husahau. Manor ni jina la barabara ya East Ham alikokulia. Humo anarudi kwenye nyumba ile. Katika "Little Sis" anazungumza na dada wa baba mmoja ambaye hakumfahamu vizuri. Katika "Strangers" anamzungumzia rafiki waliyepotezana. Hakuna bunduki ya kujigamba nayo. Ni aibu na majuto ya mtu mzima, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Iliingia kwenye orodha ya waliowania Tuzo ya Mercury, ikashindwa na Skepta, mchanaji mwingine wa graimu, lakini ilipata tuzo ya MOBO ya albamu bora mwaka huo.

Hoodies All Summer ilifuata mwaka 2019, ikiwa na nyimbo 10. Hii inawaangalia vijana wa London wanaouana kwa visu, na kuwauliza wanaowalaani kama wanajua maisha yale. Nayo iliwania Mercury. Kwenye wimbo wa "Class of Deja" amewaita D Double E na Ghetts, wenzake wa zamani, na jina la wimbo ni kumbukumbu ya ile redio ya maharamia. Mwaka huo huo alipiga onyesho Royal Albert Hall, ukumbi wa heshima uliofunguliwa mwaka 1871.

Kazi yake ya filamu ninayoipenda ni The Kitchen, iliyoingia Netflix Januari 2024. Mmoja wa waongozaji wawili ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Uganda na mshindi wa tuzo ya Oscar. Ni London ya miaka ijayo, ambapo makazi ya watu wa kipato cha chini yamekwisha kubomolewa isipokuwa eneo moja lililogoma. Kano ni Izi, mfanyakazi wa kampuni ya mazishi. Anaweka akiba kimya kimya ili ahamie kwenye nyumba nzuri, hadi anapokutana na mvulana aliyefiwa na mama. Swali la filamu nzima ni kama ataondoka peke yake.

Na katika maghorofa yale kuna sauti inayowaamsha watu asubuhi, inayowapigia muziki na kuwatangazia polisi wanapokuja. Ni mtangazaji wa redio isiyo na leseni. Anaigizwa na Ian Wright, ndiyo, yule yule mshambuliaji wa zamani wa Arsenal.

Jambo la mwisho kwa wenye simu: kwenye muziki mtafute kwa jina la Kano, lakini kwenye filamu na tamthilia anaandikwa Kane Robinson. Ukiandika Kano peke yake, simu itakuletea mji wa Nigeria.