Usimamizi wa vipaji katika utumishi wa umma wa Singapuri

Usimamizi wa vipaji katika utumishi wa umma wa Singapuri ni utaratibu wa kuwatambua mapema watu wenye uwezo mkubwa, kuwasomesha na kuwaandaa kuwa viongozi serikalini.

Uteuzi hufanywa na Tume ya Utumishi wa Umma, iliyoundwa mwaka 1951 nchi ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Tume huwafadhili masomo ya chuo kikuu vijana bora wanaomaliza shule. Alama za mtihani pekee hazitoshi. Waombaji pia husailiwa. Anayefadhiliwa hutia saini mkataba wa kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa, na akiuvunja hulipa fidia.

Kazini, mtumishi hupimwa kwa utendaji wake na pia kwa cheo cha juu anachokadiriwa kuweza kukifikia. Kipimo hicho cha pili kilichukuliwa kutoka kampuni ya mafuta ya Shell katika miaka ya 1980. Wenye makadirio ya juu huhamishwa kati ya wizara mbalimbali ili wapate uzoefu.

Wakosoaji husema utaratibu huo huwapendelea watoto wa familia zenye uwezo, na kwamba anayechelewa kuonyesha kipaji chake huweza kuachwa nyuma na wenzake walioteuliwa wakiwa na umri wa miaka 18 hivi.