Mkono wa Shabiki, Siku ya Fainali: Utangulizi

Kitabu hiki kinahusu siku chache katika maisha ya mwanamichezo, zile zinazobaki kabla ya fainali. Ndizo siku ambazo kila mtu anamtaka. Kiongozi wa nchi anataka kuikabidhi timu bendera mbele ya kamera. Mdhamini ameandaa chakula cha jioni. Waandishi wa habari wanasubiri katika chumba kisicho na dirisha, mashabiki wamejazana langoni mwa hoteli, na shemeji amesafiri usiku kucha kutoka kijijini ili apige naye picha. Hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya. Lakini mmoja wao anaweza kuwa na mafua yaliyoanza jana, na maandalizi ya miaka minne yakaishia kitandani.

Taaluma ninayokukaribisha inashughulikia maswali ambayo kocha, daktari wa timu na mchezaji mwenyewe huyajibu kila msimu, mara nyingi kwa kubahatisha. Mwaliko upi ukubaliwe na upi ukataliwe? Na ukikubaliwa, mtu aende vipi? Ni taaluma changa inayochota maarifa kwenye tiba ya michezo, elimu ya kuenea kwa magonjwa, saikolojia na hata sheria. Huhitaji kuwa daktari ili kuielewa. Unachohitaji ni uvumilivu wa kuhesabu siku na uthubutu wa kutoridhika na jibu la haraka.

Tuanze na kisa kimoja kinachobeba karibu maswali yote. Agosti 2017, London ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya riadha, na norovirusi, kirusi kinachosababisha kutapika na kuhara, kikaingia katika hoteli moja walimofikia wanariadha. Isaac Makwala wa Botswana, aliyekuwa akitajwa miongoni mwa wenye nafasi ya medali katika mita 400, alitapika siku ya mchujo wa mita 200. Kanuni za afya za Uingereza zilitaka mgonjwa wa aina hiyo atengwe kwa saa 48. Tarehe 8 Agosti alifika uwanjani akitaka kukimbia fainali ya mita 400, akazuiwa getini. Yeye alisema yuko mzima, na viongozi wa timu yake wakalalamika kwamba hakupimwa inavyostahili. Kesho yake, karantini ilipokwisha, aliruhusiwa kukimbia mchujo wa mita 200 peke yake, kwenye mvua, akishindana na saa tu. Alitumia sekunde 20.20, akafuzu, akapiga pushapu pale pale kwenye njia, na usiku ule ule akavuka nusu fainali. Fainalini alimaliza wa sita.

Nani alikuwa sahihi? Mwanafunzi mpya hukimbilia kumtetea Makwala, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini chumba cha kusubiria mbio kilikuwa na watu wengine ambao nao walikuwa wamejiandaa kwa miaka. Kwa hiyo hatari ya ugonjwa kabla ya fainali ina nyuso mbili: hatari anayoichukua mchezaji na hatari anayowabebesha wenzake. Anayeipima ya kwanza peke yake amefanya nusu ya kazi.

Taaluma hii ina mizizi miwili. Wa kwanza ni afya ya mikusanyiko mikubwa, na hapo msomaji wa Kiswahili hayuko ugenini. Yeyote ambaye mzazi wake amekwenda Hija anaijua chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayodaiwa kabla ya safari. Sharti hilo limetokana na milipuko iliyotokea miongoni mwa mahujaji, ule wa 1987 na ile ya 2000 na 2001. Kutoka Makka wataalamu walijifunza kwamba mkusanyiko unaweza kupangwa kiafya bila kufutwa: nani achanjwe, watu walale wapi, maji yatoke wapi, na nani ataarifiwe mgonjwa wa kwanza anapoonekana. Waandaaji wa mashindano makubwa ya michezo leo hujiuliza maswali hayo hayo.

Mzizi wa pili ni tiba ya michezo, ambayo kwa muda mrefu ilitazama zaidi misuli na mifupa. Hali ilibadilika madaktari walipoanza kuhesabu magonjwa kama walivyohesabu majeraha. Katika Olimpiki ya London ya 2012, kati ya wanamichezo 10,568 yaliandikwa matukio 758 ya kuugua, na karibu asilimia 41 ya hayo yalikuwa ya njia ya hewa: mafua, kikohozi, maumivu ya koo. Takwimu hizo ziliwaonyesha wakuu wa michezo kwamba mafua yanayodharauliwa mtaani ni adui wa kudumu wa medali. Hata kabla ya michezo ile, daktari mkuu wa timu ya Uingereza alishauri wanamichezo wake wafikirie kuacha kupeana mikono. Wapo waliomcheka, lakini alikuwa amesoma hesabu vizuri.

Mjadala mkubwa wa taaluma, ambao utaukuta tena na tena mbele, unahusu chanzo. Kwa nini wanamichezo huugua karibu na mashindano? Mwaka 1983 watafiti wa Afrika Kusini, Peters na Bateman, walichapisha matokeo ya mbio ndefu za Two Oceans za Cape Town. Karibu theluthi moja ya wakimbiaji walipata dalili za maambukizi ya njia ya hewa katika wiki mbili baada ya mbio, wakati miongoni mwa watu waliokaa nao nyumba moja bila kukimbia waliopata hawakufika mmoja kati ya sita. Miaka michache baadaye, Mmarekani David Nieman aliwachunguza washiriki wa marathoni ya Los Angeles ya 1987. Karibu 13 kati ya kila 100 waliokimbia waliugua katika wiki iliyofuata. Miongoni mwa waliokuwa wamefanya mazoezi kama wao lakini hawakukimbia, walikuwa 2 tu kati ya 100. Ndipo likaenea wazo la dirisha lililo wazi, yaani kwamba baada ya juhudi kubwa kinga ya mwili hulegea kwa saa kadhaa na vijidudu vikapata pa kupita.

Wazo hilo lilitawala kwa miongo miwili. Kisha mwaka 2018 John Campbell na James Turner wa Chuo Kikuu cha Bath wakalipinga waziwazi. Walisema chembe za kinga zinazopungua katika damu baada ya mazoezi hazijafa, zimehamia sehemu nyingine za mwili kufanya kazi. Anayetafuta sababu ya mafua ya mkimbiaji, walisema, atazame kwanza umati alimosimama, safari aliyosafiri na usingizi alioukosa. Wengine bado wanautetea uchovu wa mwili, na mjadala haujafungwa. Mimi naegemea upande wa Bath, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema. Naamini katika siku zile za mwisho mchezaji huponzwa zaidi na mikono anayoishika na vyumba anavyoingia kuliko na mazoezi anayoyafanya.

Hoja hiyo ina ushahidi mwingine. Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini waliwafuatilia wachezaji 259 wa raga katika ligi iliyounganisha Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Timu ziliposafiri hadi nchi yenye tofauti ya zaidi ya saa tano, kiwango cha kuugua kiliongezeka zaidi ya mara mbili. Ziliporudi nyumbani, kwa ndege zile zile na umbali ule ule, ongezeko halikuonekana. Basi lawama haikuwa ya ndege. Ilikuwa ya ugenini: vijidudu vigeni, chakula kigeni, usingizi uliovurugika. Kuhusu usingizi, jaribio la Sheldon Cohen la 2009 lilionyesha kwamba watu waliolala chini ya saa saba walikuwa karibu mara tatu zaidi katika hatari ya kupata mafua baada ya kutiwa kirusi puani, wakilinganishwa na waliolala saa nane au zaidi. Hafla inayokwisha saa sita usiku ina madhara mawili: inamkutanisha mchezaji na kirusi, na inampunguzia usingizi wa kupambana nacho.

Sasa tufike kwenye kazi ya msingi ya fani hii, kuhesabu siku kinyumenyume. Influenza huchukua siku 1 hadi 4 tangu mtu aambukizwe hadi aone dalili. Norovirusi huchukua saa 12 hadi 48. Surua huchukua takriban siku 10 hadi 14. Weka fainali Jumapili. Aliyeshikana mikono na mgonjwa wa influenza Alhamisi anaweza kuamka na homa Jumapili asubuhi. Aliyeambukizwa wiki mbili kabla huenda ameugua na amepona, ingawa kikohozi kinaweza kubaki. Aliyeambukizwa Jumamosi usiku huenda akacheza na kuugua Jumatatu, lakini kama ni norovirusi, huenda asiwe na muda huo. Wageni wa fani hushangaa kuona kwamba hafla ya jana yake si lazima iwe mbaya kuliko hafla ya katikati ya wiki. Na kwa timu hesabu huongezeka, kwa sababu aliyeambukizwa siku nane kabla ana nafasi ya kumwambukiza anayelala naye chumba kimoja, na huyo wa pili ndiye atakayeikosa fainali.

Baada ya siku, chunguza mahali. Umati wa nje, penye upepo, wakati mwingine una hatari ndogo kuliko chumba cha watu wanane. Mapema mwaka 2021, Kansas City Chiefs walikuwa wakijiandaa kwa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, dhidi ya Tampa Bay Buccaneers. Kwa ajili ya Uviko-19, mikutano na waandishi ilifanywa kwa video, na Chiefs wakasafiri kwenda Tampa siku moja tu kabla ya mchezo badala ya wiki nzima. Hata hivyo siku chache kabla, kinyozi aliyeletwa kuwanyoa wachezaji alikuwa kazini, kichwa cha mchezaji mmoja kikiwa kimenyolewa nusu, ndipo majibu yake yakatoka kwamba ana virusi. Wengine walikuwa kwenye foleni wakisubiri zamu. Milango yote mikubwa ilikuwa imefungwa, hatari ikapita kwa kinyozi. Chiefs walishindwa 31–9, na hilo lilikuwa jambo la mpira: mpango mzuri wa afya humfikisha mchezaji uwanjani, haumfungii mabao.

Gharama ya mlipuko ndani ya kambi tuliiona Afrika. Januari 2022, Komoro, waliokuwa wakishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, walikutana na wenyeji Kameruni katika hatua ya 16 bora. Kipa mmoja alikuwa majeruhi na wawili walikuwa wamekutwa na Uviko-19. Kanuni zilitaka timu icheze hata bila kipa, mradi ina wachezaji 11. Beki Chaker Alhadhur akavaa glavu akasimama golini. Komoro, wakiwa pungufu kwa kadi nyekundu ya mapema, walifungwa 2–1 tu, na jina la Alhadhur likapendwa bara zima. Ushujaa ule unastahili sifa, lakini mtaalamu anajiuliza kwa nini makipa wawili waliambukizwa kipindi kimoja. Makipa hufanya mazoezi pamoja. Timu inayowagawa wachezaji vyumba na meza za chakula ili wa nafasi moja uwanjani wasikae pamoja imejipatia bima isiyo na gharama.

Msomaji asidhani kwamba tiba ya yote haya ni kujifungia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari, lakini hawakutuambia tahadhari ifike wapi. Mchezaji aliyetengwa na jamaa zake kwa wiki mbili hupoteza utulivu, na wakati mwingine hamu ya kucheza. Klabu inayoishi kwa viingilio na wadhamini haiwezi kuwafungia mlango wanaoilisha. Na shabiki ana haki yake: bila yeye fainali ni mazoezi tu. Ndiyo maana tunapendelea maswali manne yanayoweza kujibiwa. Hafla hii iko siku ngapi kabla ya mchezo? Iko nje au ndani? Mchezaji atagusana na wangapi, kwa muda gani? Na asipokwenda, atapoteza nini? Kukabidhiwa bendera nje, asubuhi, siku kumi kabla, kuna hatari ndogo na heshima kubwa. Chakula cha jioni cha mdhamini ukumbini, siku tatu kabla, kingeweza kusogezwa mpaka baada ya mchezo, na mdhamini akielezwa hupata sherehe iliyo nzuri zaidi.

Yapo pia mambo madogo ambayo timu zetu zinayaweza leo bila bajeti. Kila mchezaji awe na chupa yake ya maji, badala ya moja kupokezana benchi zima. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwa kuwa vitakasa mikono vya alkoholi havifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi. Chanjo zipangwe mapema, maana mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga ya influenza. Na mwenye homa au maumivu ya mwili mzima asilazimishwe kucheza, kwa sababu baadhi ya virusi hushambulia misuli ya moyo, na jitihada kubwa wakati huo inaweza kuua.

Nyingi kati ya tafiti nilizozitaja zimetoka Cape Town, Los Angeles, Bath na London. Kambi za Iten, viwanja vya Dar es Salaam na mabasi ya timu yanayosafiri siku nzima hayajaingia vya kutosha katika fani hii, ilhali malaria, homa ya matumbo na msongamano wa vyumba vyetu vina hesabu zake. Hapo ndipo ninapokuhitaji, uwe muuguzi wa timu ya shule, kocha wa daraja la pili au mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti. Anza msimu huu: andika nani aliugua, siku gani, na siku nne kabla yake alikuwa wapi. Ukiwa na misimu mitatu ya kumbukumbu hizo, utakuwa na ushahidi ambao vyuo vikubwa havina. Karibu kazini.