Marekani: madaraja mawili maarufu, New York na San Francisco, na hesabu ya waliokufa

Miji ya New York na San Francisco, kule Marekani, kila mmoja unajivunia daraja lake. Watalii wengi hupiga picha pale. Ni wachache wanaokumbuka wafanyakazi waliokufa wakiyajenga.

Brooklyn Bridge, huko New York, lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883, baada ya miaka 13 ya kazi. Mhandisi John Roebling, aliyelichora, alifariki mwaka 1869 kwa pepopunda, baada ya mguu wake kupondwa na kivuko. Mwanawe Washington alishika kazi, naye akapooza kwa sababu ya kushuka katika vyumba vya hewa nzito chini ya mto. Mke wake, Emily, ndiye aliyepeleka maagizo kwa wajenzi. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Golden Gate, huko San Francisco, lilifunguliwa tarehe 27 Mei 1937. Ni refu zaidi: kati ya minara yake kuna metre 1280, wakati Brooklyn ina 486. Zamani hizo, wajenzi walizoea kuhesabu mtu mmoja kufa kwa kila dola milioni moja. Mhandisi mkuu Joseph Strauss akaagiza wavu utandikwe chini ya daraja. Wafanyakazi 19 walioanguka waliokolewa.

Lakini tarehe 17 Februari 1937, jukwaa la kazi liliporomoka likapasua wavu, na watu 10 wakafa.

Daraja hilo liligharimu dola milioni 35. Waliokufa kwa jumla ni 11.